UZI: Kukata matusi hewani, kwenye nyimbo na kwenye maoni bila kuharibu kipindi

#1 FundiMasafa

Wakuu, habari za kazi. Mada ya matusi kwenye vyombo vya habari huwa inaishia "maadili yameporomoka", halafu fundi aliyekaa mbele ya miksa hapati cha kushika. Uzi huu ni wa kazi tu. Naanza na nyimbo na simu za moja kwa moja, wenye fani nyingine wataongeza. Matusi yenyewe tutayazunguka, anayejua anajua.

Wimbo kwanza. Kabla hujafungua programu yoyote, muombe prodyuza toleo safi. Yeye ana sauti na biti kwenye faili tofauti, kwake kuondoa neno ni kazi ya dakika chache, na mwangwi wa neno unaondoka pamoja nalo. Akikuzungusha, muombe biti peke yake. Iweke chini ya wimbo kwenye Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti), uzilinganishe, na pale penye tusi unapitisha biti tupu.

Kujua kama zimelingana: igeuze biti kwa Invert, kisha cheza zote mbili pamoja. Ngoma na besi zikififia na mwimbaji akabaki peke yake, umepatia. Ukisikia sauti ya bati au bomba, bado zinapishana. Kinachowatesa wengi hapa ni kuchanganya MP3 na WAV. MP3 huongezewa kimya kidogo mwanzoni wakati wa kubana faili, kwa hiyo hata ukizianzisha sehemu moja zitapishana kwa makumi ya milisekunde. Sogeza kwa mkono hadi ikae. Ukimaliza kupima, igeuze biti tena irudi kawaida, la sivyo palepale kwenye mkato utapoteza besi.

Biti haipo kabisa? Ultimate Vocal Remover ni ya bure na inatenganisha sauti na ala kwa kiwango kizuri. Kosa la kawaida ni kuchukua matokeo yake kwa wimbo mzima. Tumia kipande cha neno lenyewe tu, kwingine kote acha wimbo wa asili, maana kutenganisha kunakula matoazi na kuacha ukungu kwenye besi.

#2 Kisauti_Tanga

Shukrani mkuu. Naomba kuuliza: piii, kimya, au kugeuza neno lisikike kinyumenyume? Kila kituo kina imani yake.

#3 Bi_Mhariri

Kisauti, inategemea ni mazungumzo au muziki.

Kwenye mazungumzo (mahojiano, taarifa, makala) weka piii. Msikilizaji ajue kwamba wewe ndiye umekata, asidhani ni mtandao. Kwenye Audacity: chagua eneo, nenda Generate, Tone, umbo Sine, 1000 Hz. Programu inakuja na Amplitude 0.8, yaani karibu desibeli 2 tu chini ya kilele. Ukiiacha hivyo unamtoboa masikio mwenye hedifoni. Weka 0.1, ambayo ni desibeli 20 chini ya kilele, inakaa karibu na sauti ya mtu anayeongea.

Kwenye muziki usiweke piii. Inagombana na ufunguo wa wimbo na inalitangaza tusi badala ya kulificha. Ondoa sauti, acha ngoma ziendelee.

Kugeuza kinyumenyume kunafaa zaidi kwenye lugha zenye konsonanti nyingi mwishoni mwa neno. Silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali, kwa hiyo neno la silabi mbili likigeuzwa bado linatoa vokali zilezile na sikio linapata dokezo. Likiwa na silabi mbili zinazofanana ndiyo kabisa, unakuwa umebadilisha lafudhi tu.

Sasa mahali pa kukata, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kitenzi chetu kina kiambishi mbele, mzizi katikati na mnyambuliko nyuma. Watu wanakata mzizi tu. Msikilizaji anapata "ana-ku-" na "-a" ya mwisho, analijaza mwenyewe kabla piii haijaisha. Kata neno zima kuanzia kiambishi cha kwanza. Likiwa ni tusi la mzazi, ambalo kwetu mara nyingi ni fungu la maneno matatu, kata fungu zima, hata kama maneno mawili ya mwanzo ni masafi kabisa yakisimama peke yake.

Kwa makadirio, msemaji wa kawaida anatoa silabi 5 hadi 7 kwa sekunde. Neno la silabi tatu ni kama nusu sekunde. Ukiona umechagua milisekunde 150 jua umechukua silabi moja tu. Hatua zenyewe:

1. Weka alama kila penye tatizo (Ctrl+M) wakati unasikiliza mara ya kwanza, bila kusimamisha.
2. Rudi kwenye alama, vuta karibu, chagua kuanzia pale konsonanti inapoanza. Herufi kama m, n na ng' zinaanza kabla wimbi halijawa kubwa, usidanganywe na macho.
3. Bonyeza Z ili mipaka ya chaguo ikae pale wimbi linapovuka sifuri. Bila hivyo utasikia "tk" mwanzo na mwisho.
4. Badilisha (piii, kimya au biti), weka mfifio wa milisekunde 5 hadi 10 kila upande.
5. Sikiliza kuanzia sekunde 5 kabla, ukiwa na mtu ambaye hajausikia wimbo huo. Wewe sikio lako limeshalijua neno, litalisikia hata lisipokuwepo.
6. Hifadhi WAV kwa jina jipya lenye "SAFI", na toleo chafu litoke kwenye folda ya kurushia. Usilipe jina linalofanana, mtangazaji wa zamu ya usiku atabonyeza la kwanza analoliona.

#4 FundiMasafa

Naongeza mawili kwa Bi Mhariri.

Mwangwi: maprodyuza wa Bongo Fleva wanapenda kurusha neno la mwisho wa mstari kwenye dilei, linajirudia mara tatu nne likififia. Umekata neno, umeacha vitoto vyake. Fuatilia hadi mdundo unaofuata. Sauti za nyuma zinazoitikia nazo hivyohivyo.

Mono: kuna ujanja wa kugeuza fezi ya upande mmoja ili sauti ya katikati ipotee. Kwenye redio ya spika moja, pande mbili zikijumlishwa, inapotea kweli. Kwenye gari lenye stirio neno linasikika vizuri kabisa. Kinyume chake pia kipo, mtu anahariri kwa hedifoni akiridhika, kwenye kisimu cha spika moja besi imekufa. Pima kwa njia zote mbili.

#5 Bi_Mhariri

Na vina, nilisahau. Wimbo wa vina ukikata neno la mwisho wa mstari wa pili, kina cha mstari wa kwanza kinamtajia msikilizaji ulichokata. Hapo mkato hausaidii. Ama uondoe mistari yote miwili kwa kurudia kipande cha biti, ama wimbo usipigwe.

Kuna pia nyimbo ambazo hazina neno hata moja la kukata kwa kamusi, kila kitu kimejengwa kwa kuchezea maana. Novemba 2018 BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na mchezo wake ulikuwa juu ya jina la Nyegezi, mahali halali kabisa pale jijini Mwanza. Mhariri anayetafuta maneno tu hafiki popote na kazi kama hiyo. Lazima usikilize mstari unasema nini.

#6 Nyaya

Fundi, tupe za simu za moja kwa moja. Kuchelewesha matangazo kwa sekunde 7 ili kuwahi tusi kunatosha?

#7 FundiMasafa

Sekunde 7 ndizo zilizozoeleka duniani. Kwa vipindi vya simu hapa kwetu napendekeza 10 hadi 15. Sababu ni namna matusi yanavyokuja: mpigaji anasalimia vizuri, anamtaja mtangazaji kwa jina, anawasalimia watu wa kwao, kisha analiachia mwishoni. Umeshalegea, unahitaji sekunde moja au mbili kuamini ulichosikia kabla kidole hakijaenda kwenye kitufe.

Mtambo wa kuchelewesha (dilei ya hewani) ukae baada ya miksa, kabla ya kompresa ya hewani na kiungo cha kwenda mnarani. Ukichelewesha laini ya simu peke yake, mtangazaji atakuwa anajibu swali ambalo hewani halijaulizwa. Hedifoni za studio zichukue sauti ya kabla ya kuchelewesha. Mpigaji arudishiwe kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe, na mpokea simu amwambie azime redio iliyo karibu. Asipozima atajisikia mwenyewe sekunde kumi nyuma, atababaika, kipindi kinageuka "haloo, haloo".

Ukibonyeza kitufe cha kutupa, mtambo unafuta kilichohifadhiwa na kuruka hadi sasa. Angalia mambo mawili hapo.

Moja, baada ya kutupa huna akiba. Mtambo mzuri unaijenga upya kwa kuvuta sauti taratibu bila kubadilisha kimo chake, lakini inachukua muda. Mpigaji wa pili akiingia ndani ya muda huo, uko uchi. Na matusi huja kwa makundi, hasa usiku na hasa siku ya mechi ya watani. Kwa hiyo: tupa, weka jingo au wimbo, subiri taa ionyeshe akiba imejaa, ndipo upokee simu nyingine. Baadhi ya mitambo inakuruhusu kugawa akiba, mfano sekunde 20 ziwe tupio mbili za 10. Gawa.

Pili, mtangazaji asiombe radhi! Msikilizaji hajasikia kitu. Ukisema "samahani kwa lugha ile" umemtangazia tusi ambalo mtambo ulikwishalimeza, na mtandaoni watu wataanza kuulizana limesemwa nini. Sema "simu imekatika, tuendelee" na upite.

Kitufe kiwe mahali pawili, kwa fundi na kwa mtangazaji. Mtangazaji akiwa anasoma meseji hasikilizi, akijua fundi naye ana kitufe hana hofu sana.

Na msiache dilei imewashwa saa 24. Alama ya saa kamili itachelewa. Kwenye adhana ya Magharibi sekunde kumi hazimuumizi mfungaji, atafuturu kwa kuchelewa kidogo tu. Ya Alfajiri ikichelewa ni habari nyingine, kuna watu wanaifuata redio yenu kuacha kula. Itoeni kabla.

#8 Nyaya

Hiyo ya radhi ni dhahabu. Na meseji za sauti za WhatsApp?

#9 Bi_Mhariri

Zisikilizwe hadi sekunde ya mwisho kabla ya kuingia kwenye foleni ya kurushwa. Wapo wanaoacha kimya kirefu baada ya maoni yao, halafu wanamalizia. Kata kila ujumbe pale hoja inapoisha, ukaihifadhi upya. Usirushe moja kwa moja kutoka kwenye simu.

#10 OBS_Mbagala

Jamani nyote mnaongelea masafa. Tundu kubwa siku hizi ni kamera ya studio. Redio inarusha YouTube na Facebook mubashara, na kompyuta ya OBS (programu ya kurusha video mubashara) imechomekwa kwenye miksa kabla ya mtambo wa kuchelewesha. FM iko safi, mtandaoni tusi limetoka zima, na kipande kinakatwa na kusambaa kabla kipindi hakijaisha.

Kuchukua sauti ya baada ya dilei hakutoshi, kwa sababu picha itatangulia kwa sekunde kumi na midomo itaonekana. Kichujio cha Render Delay kwenye OBS kinachelewesha picha hadi milisekunde 500 tu. Njia inayofanya kazi: ingiza sauti ya kabla ya dilei, kisha nenda Settings, Advanced, washa Stream Delay, weka sekunde 20 au 30. Inachelewesha picha na sauti pamoja.

Lakini haina kitufe cha kutupa kipande. Ukisimamisha kawaida, akiba yote inaendelea kwenda hewani hadi iishe, pamoja na tusi lako. Kwenye Hotkeys tafuta amri ya kusimamisha kwa kutupa akiba, imeandikwa "Stop Streaming (discard delay)", ipe kitufe kimoja ambacho hakigongwi kwa bahati mbaya. Ukishatupa, washa tena. Watazamaji watapoteza sekunde kadhaa, hakuna atakayekufa. Hakikisha pia kompyuta hiyohiyo hairekodi toleo chafu ambalo kijana wa mitandao atalipandisha jioni.

#11 Mchujo

Naingia na maoni ya maandishi. Watu wanachukua orodha ya matusi, wanaiweka kwenye kichujio, wanashangaa wasomaji wastaarabu ndio wanaofungiwa. Hili ni tatizo la zamani: mwaka 1996 AOL ilikuwa inawakataa wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kwa sababu ya herufi nne zilizomo ndani ya jina la mji.

Kwetu ni baya zaidi kwa sababu maneno yanashikana. Kichujio kinachotafuta herufi popote ndani ya neno kitazuia "kumaliza" na "kumaanisha" (tazama herufi nne za mwanzo), "nyekundu" na "mwekundu" (tano za mwisho), "atakosa" na "utakoma", "Himalaya", na Nyegezi ya Bi Mhariri hapo juu. Yaani mtu hawezi kuandika "Simba mwekundu atakosa kumaliza msimu Nyegezi", maneno manne yamekamatwa na hakuna tusi hata moja.

Ukienda upande wa pili ukadai neno kamili tu, hutakamata tusi likivaa kiambishi. Suluhisho ni kuandika mzizi pamoja na viambishi vinavyoruhusiwa: mbele orodha fupi (ku, m, wa, ni, u, a, na vya mtendwa), nyuma orodha fupi (ni, na, ana, wa, ko, yo), kisha mpaka wa neno pande zote. Halafu tengeneza orodha ya maneno safi inayopewa kipaumbele. Ijaribu kwa kupitisha makala elfu kadhaa za habari za kawaida. Kila kitakachokamatwa humo karibu chote ni kosa la kichujio, na ndicho cha kuingiza kwenye orodha safi.

Kabla ya kulinganisha, safisha maandishi: herufi zote ndogo, 0 iwe o, 1 iwe i, 3 iwe e, 4 na @ ziwe a, nyota na nukta katikati ya herufi zitolewe. Herufi zilizorudiwa tatu au zaidi zipunguze ziwe mbili, SI moja, kwa maana "kaa", "choo", "mzee" na "kuu" ni maneno yetu. Kisha jaribu na umbo la mbili na la moja.

Bila programu yako mwenyewe: YouTube Studio, Settings, Community, kuna sehemu ya maneno yaliyozuiwa, maoni yanashikiliwa hadi uyapitie. Instagram wana maneno yaliyofichwa, Facebook pia kwenye kurasa. Huko huwezi kuweka kanuni za viambishi, inabidi uandike maumbo yote kwa mkono. Anza na maumbo ishirini yanayotumika kweli kwenye ukurasa wako, usinakili orodha ya mtu wa nchi nyingine.

#12 Wa_Nakuru

@Mchujo hapo kwa nchi nyingine umenena. "Senge" kwa Waluhya ni shangazi, ongezea m mbele uvuke Namanga uone. Uganda nako, tamasha la Nyege Nyege la Jinja lilizuiwa na waziri wa maadili mwaka 2018, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Waandaaji walieleza kuwa kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika. Kichujio kimoja cha Afrika Mashariki nzima hakipo.

Na msisahau maneno masafi yanayouma kuliko matusi. Mwaka 2022 kabla ya uchaguzi, NCIC, tume ya uwiano hapa Kenya, ilitoa orodha ya maneno ya chuki, yakiwemo "madoadoa" na "hatupangwingwi". "Mende" pia lilikuwemo, na aliyesikia habari za RTLM, redio ya chuki ya Rwanda 1994, na neno "inyenzi" (yaani mende) hahitaji kuelezwa kwa nini. Hakuna kichujio cha ngono na vyoo kitakachokamata hayo. Yanahitaji mtu, na mtu huyo awe anajua siasa za wiki hiyo.

#13 Kona_ya_Sheria

Kwa ufupi, maana wengi wanauliza faraghani.

Tanzania: kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani, adhabu ni hadi miezi 6 jela. Hicho ni cha mtu kwa mtu. Kituo kinashughulikiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia Kamati ya Maudhui, chini ya kanuni za maudhui za redio na televisheni za 2018. Adhabu si onyo na faini peke yake: Septemba 2020 kituo kimoja cha redio kilifungiwa siku 7 kwa lugha ya kwenye vipindi vyake. Kwa hiyo mafunzo yaanzie kwa watangazaji, mtambo wa simu unafuata.

Kenya: kanuni za vipindi za CA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, zinataka kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kiende hewani kinachofaa kwa wote.

Wanaoiga vipindi vya nje wajue saa zao ni tofauti. Televisheni ya Uingereza inaachia kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 na nusu alfajiri. Marekani ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na sheria ya 2006 ilipandisha faini ya juu kutoka dola 32,500 hadi 325,000 kwa kosa moja. Ukiona kipindi chao kina tusi wazi, angalia kwanza kilirushwa saa ngapi, na kama ni redio ya intaneti au setilaiti ambayo masharti hayo hayaigusi.

#14 Kisauti_Tanga

Swali la mwisho wakuu. Malalamiko yakija, kituo kinajitetea kwa rekodi ipi, ya studio au ya hewani?

#15 FundiMasafa

Ya hewani. Weka redio ya kawaida au kipokezi kinachodaka masafa yenu kutoka angani, kiingize kwenye kompyuta inayorekodi mfululizo, faili ya saa moja moja, saa ya kompyuta ikiwa imelinganishwa kwa intaneti. Rekodi ya miksa itaonyesha tusi ambalo mtambo ulilitupa, na utakuwa umejishitaki mwenyewe. MP3 ya 64 kbps mono inatosha, ni karibu MB 29 kwa saa, MB 690 hivi kwa siku. Diski ya TB 1 inabeba karibu miaka minne. Muda wa kuzitunza uko kwenye masharti ya leseni yenu, muulize meneja, usikisie.

Na kila mkibonyeza kitufe cha kutupa, andikeni saa kwenye daftari la zamu.